Lita Elfu na Mia Mbili

Chengo alipima sakafu kwa chupa ya soda iliyolala,
kiputo kikakimbilia dirishani.
"Nyumba yako mpya imeinama," akasema.
"Si sana. Unene wa kidole."
Kidole kimoja, kwa lita elfu na mia mbili,
ni shavu la kioo kubebeshwa uzito usio wake.
Tukakata vipande vya mvule, tukasokomeza chini ya meza,
jua likatupita tungali magotini.

Hilo lilikuwa la kwanza. Nililihesabu la mwisho.

Mombasa ni kisiwa, na mimi nanunua chumvi kwa ndoo,
naikoroga kwa mwiko wa pilau,
maana maji ya hori la Tudor nayajua:
yamepitia vyooni mwetu sote.
Rukiya hunicheka: "Ng'ombe yumo uani,
nawe wanunua maziwa ya kopo."

Kazini, Makadara, naendesha mashine za figo.
Najua mipira, pampu, chumvi kwa kipimo;
najua damu inavyomtoka mtu, ikazunguka, ikarudi safi.
Nikadhani hii ni kazi ya asubuhi moja.

Tulitoa mawe moja moja.
Nilikuwa namtafuta yule agongaye usiku, *tak*,
miaka sita nyuma ya mawe, hajawahi kuonekana:
kamba mdogo, nadhani, mwenye gando la kulipuka.
Nilichungulia kila tundu kwa tochi ya simu.
Hakuwamo.

Mapipa manane ya buluu, yaliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia.
Matumbawe ndani ya makarai, yamefunikwa magazeti mabichi.
Mahamali wanne wa Makupa wakabeba kioo
kimya, wakipokezana mabega.
Kisha Daraja la Nyali likafunga: trela la saruji
limelala ubavu, na dereva wake kaketi juu yake
anakula machungwa.
Saa mbili nzima nilikuwa nyuma ya pikapu
natia hewa mapipani kwa pampu ya baiskeli.
Askari akachungulia. "Nini hiyo?"
"Samaki."
"Wa kuuza?"
"Wa kutazama."
Akanitazama mimi.

Mchanga ndio ulionimaliza.
Miaka tisa umelala, umeficha chini yake
kila kilichooza tusikione.
Nilipouchota ulinuka yai viza,
nami nikaumwaga vivyo hivyo, bila kuuosha,
kwa kuwa usiku umeingia na mapipa yanapata joto.
Saa nne stima ikapotea.
Jenereta ya jirani ilikuwa na kila kitu ila petroli.

Kangaja wangu wa buluu, niliyemlea
tangu akiwa sawa na ukucha wa gumba,
alijilaza juu ya jiwe kama aliyechoka tu.
Kipimo cha amonia kikageuka kijani cha mgomba.
Kile ambacho figo hutoa, hakuna aliyekitoa.
Mimi! Mtu wa figo!

Rukiya hakusema "nilikwambia", ingawa aliniambia.
Alikunja dera, akashika ndoo.
Tukabadilisha maji hadi adhana ya alfajiri,
zulia la mamake likinywa lilichokunywa.

Siku ya tatu tumbawe la zambarau likawa jeupe.
La nne likawa jeupe.
Jongoo wa bahari, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu,
akaendelea kutambaa, akila mchanga ule ule.

Usiku wa kumi na moja nimekaa gizani.
Maji bado kama ya kuoshea mchele,
nahesabu fedha nilizomwaga, nasahau, naanza tena.
*Tak.*
Kutoka chumbani: "Yule wako yuwagonga."
"Nimesikia."
Akageukia ukuta, akalala.
Nilingoja la pili. Halikuja upesi.
Sakafu imeinama, unene wa kidole;
nimekaa upande wa chini.